Moyo Ukiugua, Tusiyasahau Mapafu



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza ugonjwa mmoja kwa kila toleo. Mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuzungumzia magonjwa mawili kwa pamoja, yaani ugonjwa wa moyo na kansa ya mapafu. Tunayaunganisha kwa sababu mara nyingi magonjwa haya huingia nyumbani kwa mlango mmoja, na mlango huo ni moshi. Tunayaunganisha pia kwa sababu sisi wauguzi tunalo jambo la kukiri mbele yenu.

Tulikuwa na mgonjwa wetu wa miaka mingi, mzee mmoja wa makamo aliyehudhuria kliniki ya presha kila mwezi. Siku moja alibanwa na maumivu makali ya kifua, akapelekwa hospitali ya rufaa, na huko ikaonekana kuwa mishipa inayolisha moyo wake imeanza kuziba. Alirudi kijijini akiwa mtu mwingine. Chumvi aliiacha, nyama ya mafuta aliiacha, vidonge alivimeza bila kukosa. Sigara hakuiacha, bali aliipunguza hadi tatu kwa siku, moja baada ya kila mlo, na nyumbani wote wakamsifu.

Alipoanza kukohoa, jamaa zake walisema, "Ni ule moyo wake." Sisi nasi tulifikiri hivyo hivyo, maana ni kweli moyo uliochoka huleta kikohozi. Baadaye alipimwa kifua kikuu, hakukutwa nacho, akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Miezi ikapita. Alipotoa makohozi yenye damu ndipo alipopigwa picha ya eksirei, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Alitutoka kabla ya mwaka kwisha. Baada ya mazishi tuliifungua kadi yake ya kliniki. Presha yake ilikuwa imeandikwa zaidi ya mara 60. Neno "sigara" halikuandikwa hata mara moja.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: si sawa kumhudumia mgonjwa wa moyo kana kwamba hana mapafu. Tuliupima moyo kila mwezi kwa uaminifu, na chanzo cha ugonjwa tukakiacha kikae mfukoni mwa shati lake.

JE, UGONJWA WA MOYO HUGEUKA KUWA KANSA?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hapana. Moyo unaougua haugeuki kuwa kansa, wala kansa ya mapafu si moyo ulioharibika ukahamia upande wa pili. Hata hivyo, mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeharibiwa na sigara amekwisha kutuonyesha kwamba moshi umefanya kazi ndani yake kwa miaka mingi. Moshi huo haukuruka mapafu ili kuufikia moyo. Ulipita katika mapafu kwanza. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo anayevuta sigara, au aliyevuta kwa muda mrefu, yafaa ahesabiwe kuwa mtu aliye katika hatari ya kansa ya mapafu pia.

Hebu tuone moshi unavyotenda. Katika moshi wa sigara wataalamu wamekuta kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo zipatazo 70 zinajulikana kusababisha kansa. Hizi huharibu chembe hai za mapafu kidogo kidogo. Mwili hujitahidi kuzitengeneza, lakini kila siku huja uharibifu mpya, mpaka siku moja chembe iliyoharibika hukataa kutii amri ya mwili, ikaanza kuzaana ovyo. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, pengine 20 au 30, na ndiyo sababu kijana anayevuta hujiona mzima.

Wakati huo huo moshi unaingia katika damu. Ndani yake kuna hewa iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hii huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu ya mvutaji hubeba oksijeni pungufu. Nikotini nayo huufanya moyo upige haraka na kupandisha presha. Hivyo moyo unalazimishwa kufanya kazi zaidi huku ukipewa chakula kidogo. Aidha, kuta za mishipa huchubuka, mafuta hujikusanya palipochubuka, na damu huwa nyepesi kuganda. Siku donge la damu linapoziba mshipa wa moyo, mtu huanguka.

WATAALAMU WALIJUA LINI?

Haya si mambo mapya. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kuwa wagonjwa wa kansa ya mapafu katika hospitali walizozichunguza walikuwa wavutaji wa sigara kuliko wagonjwa wengine. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na alipoona matokeo hayo aliacha. Mwaka 1951 waliwaandikia barua madaktari wa nchi yao wakiwauliza juu ya uvutaji wao, wakajibiwa na madaktari wapatao 40,000, kisha wakawafuatilia mwaka hata mwaka. Walitazamia kuona kansa ya mapafu, na waliiona. Lakini katika taarifa yao ya mwaka 1956 ilikuwa dhahiri kwamba hata kuziba kwa mishipa ya moyo kuliwaua wavutaji zaidi ya wasiovuta. Wakati ule moshi wa sigara ulishtakiwa kwa ugonjwa wa mapafu, na ushahidi ukaleta ugonjwa wa moyo pamoja nao.

Madaktari wale walifuatiliwa kwa miaka 50. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa wavutaji wa maisha yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 hivi kuliko wasiovuta.

Liko jambo jingine la karibu zaidi. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowashirikisha wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, ambao damu yao ilionyesha dalili ya mwasho na uvimbe wa ndani kwa ndani, mfano wa kidonda kisichopona. Walipewa dawa ya kutuliza mwasho huo, iitwayo canakinumab, ili kuona kama moyo utapata nafuu. Mashambulio ya moyo yalipungua. Lakini watafiti waliona pia kuwa kansa ya mapafu ilijitokeza mara chache zaidi, na kwa waliopata dozi kubwa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Tusikimbilie kuitafuta dawa hiyo. Waliotumia walipata vifo vingi kidogo zaidi vya maambukizi, na ilipojaribiwa baadaye kwa watu waliokwisha kuugua kansa ya mapafu haikuwasaidia kama ilivyotumainiwa. Fundisho letu ni moja tu: ule mwasho wa muda mrefu unaoharibu mishipa ya moyo waweza pia kuirutubisha kansa katika mapafu. Na moshi ni mmoja wa wachochezi wake wakubwa.

"NAVUTA MOJA TU KWA SIKU"

Mzee wetu alipunguza hadi sigara tatu, tukamsifu. Tulikosea kumsifu akaishia hapo. Katika kansa ya mapafu hatari hupanda pamoja na wingi wa sigara na wingi wa miaka, kwa hiyo anayepunguza hupunguza kitu fulani. Moyo hauna hesabu ya namna hiyo. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa mtu anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Yule anayenunua moja moja kibandani akidhani ameukwepa ugonjwa, moyo wake haujui kuwa amebana matumizi.

Kuacha nako kuna hesabu mbili. Moyo husamehe haraka. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo yanaanza kushuka. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara inapungua kwa takribani nusu, na baada ya miaka 15 hivi hukaribia ya mtu asiyevuta. Mapafu husamehe polepole: inachukua kama miaka 10 hatari ya kansa kushuka hadi takribani nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kwa hiyo aliyeacha jana asishangae kuambiwa aendelee kuangalia kifua chake kwa miaka mingi. Na asiyeacha bado asiseme, "Nimekwisha chelewa." Wale madaktari wa Uingereza walioacha wakiwa na miaka 60 walijiongezea wastani wa miaka 3 ya kuishi, walioacha na miaka 50 walipata 6, na walioacha na miaka 40 walipata 9. Ni nani kati yetu angekataa miaka 3 ya kuwaona wajukuu zake?

NA WASIOVUTA?

Akina mama wengi wanaofika kwetu hawajashika sigara maishani mwao. Hata hivyo, anayeishi na mvutaji ndani ya nyumba huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya kansa ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Baba anayevuta sebuleni anawavutia wote waliomo.

Kisha kuna moshi wa jikoni. Kaya nyingi za nchi yetu hupikia kuni au mkaa, na majiko yetu mengi hayana mahali pa kutokea moshi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa moshi wa majumbani huua takribani watu milioni 3 kila mwaka, wengi wao kwa magonjwa ya moyo, kiharusi na mapafu. Kuhusu kansa, wataalamu wamethibitisha kuwa moshi wa makaa ya mawe huisababisha, na wa kuni wameuweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Tunaupongeza. Lakini mama asiye na fedha za mtungi wa gesi leo aweza leo hii kufungua dirisha, kutoboa tundu la moshi juu ya jiko, kukausha kuni vizuri, na kumwondoa mtoto mgongoni wakati wa kukoka moto.

TUMBAKU NDIYO KARO YETU

Hapa tunajua kuna wasomaji watakaotukunjia uso. Wengi wenu mnalima tumbaku, kama wenzetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora. Fedha ya tumbaku imejenga nyumba, imesomesha watoto, na tusifiche, imetolewa sadaka ikasaidia kuezeka makanisa. Hata baadhi yetu tuliovaa sare nyeupe tulisomeshwa kwa fedha hiyo. Hatuna haki ya kumtukana mkulima.

Lakini ukweli tuuseme. Mkulima mwenyewe hudhurika kabla ya mvutaji. Anayechuma majani mabichi yenye umande hunyonya nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, halafu hudhani ni malaria. Watoto na wajawazito hawastahili kabisa kuwa katika kazi hiyo. Anayechuma asubiri majani yakauke umande, avae mikono mirefu, aoge mara amalizapo. Anayekesha kwenye bani akichochea moto naye huvuta moshi usiku kucha, na akiwa na presha au kikohozi kazi hiyo apewe mwingine. Na yule anayejisokotea tumbaku ya shamba lake kwa karatasi ya gazeti akisema ni ya asili, asijidanganye. Moshi wake unadhuru vilevile.

Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kuwa mji wa Vatikano uache kuuza sigara kuanzia mwaka uliofuata, ingawa mauzo hayo yalikuwa yanaleta mapato. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Kiti Kitakatifu hakiwezi kushiriki katika jambo linalodhuru afya ya watu waziwazi. Tunatoa mfano huo tukijua kuwa mkulima mdogo si Vatikano, na hawezi kung'oa zao msimu mmoja akabaki na njaa. Tunachoomba ni vyama vya ushirika na maofisa kilimo walizungumze jambo la mazao mengine kwa dhati, na parokia zisaidie pale zinapoweza.

TUNAYOYAOMBA

Kwa sisi wauguzi na waganga: kila kadi ya presha, ya kisukari na ya moyo iandikwe kama mgonjwa anavuta, alivuta au hajavuta kamwe. Tumwulize kila anapokuja, kwa upole, bila kumwaibisha. Imeonekana kuwa hata maneno machache ya dakika 3 kutoka kwa mhudumu wa afya huwasaidia wengine kuacha. Katika wodi yetu tumeanza. Na mhudumu anayevuta nyuma ya jengo la wagonjwa ajue kwamba wagonjwa wanamwona.

Kwa familia: msimtume mtoto kununua sigara wala kumwashia babu kwa kijinga cha moto. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na kumtuma ni kumfundisha. Mgonjwa wa moyo anayetaka kuacha achague siku, awatangazie wa nyumbani, atupe zilizobaki. Siku za kwanza atakuwa na hasira, usingizi utapungua, atatamani sana. Shida hiyo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, na hupungua ndani ya wiki chache. Mvumilieni, mpeni maji, karanga, kazi ya mikono na mazungumzo. Akianguka aanze tena, kwa kuwa wengi walioacha hawakufaulu mara ya kwanza.

Kwa parokia na jumuiya ndogondogo: tunaomba desturi ya kupitisha sahani ya sigara kwenye harusi na matanga ikome. Twaelewa ni ukarimu. Lakini si vyema kumlilia marehemu aliyekufa kwa moshi huku tukiwagawia walio hai moshi ule ule. WAWATA na vijana wetu waweza kulisimamia jambo hili kuliko sisi. Kwaresima nayo ni wakati mzuri wa kuanza, mradi tu mtu asiihesabu Pasaka kuwa siku ya kurudia. Kanisa linatufundisha kiasi katika chakula, pombe na tumbaku, na Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu.

DALILI ZA KUWAHI HOSPITALI

Kikohozi kinachozidi wiki 2 hakina budi kupimwa kifua kikuu. Wengi hukutwa nacho, na TB inatibika. Lakini kama kipimo hakionyeshi TB, au mgonjwa amemaliza dawa za TB na bado anakohoa, asikae nyumbani. Arudi, aombe picha ya kifua. Arudi haraka hasa akiwa na makohozi yenye damu, kukonda bila sababu, sauti iliyokwama kwa wiki kadhaa, maumivu ya kifua au bega yasiyoisha, homa ya mapafu inayojirudia, au uso na shingo kuvimba.

Dalili za moyo ni kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu kuelekea mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu kuvimba. Anayebanwa kifua ghafula aletwe saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mtaona kuwa kikohozi na kukosa pumzi vimo pande zote mbili. Ndiyo maana msiseme "ni ule moyo wake" mkatosheka. Mwambieni mganga historia yote: moyo, presha, sigara, miaka mingapi, jikoni kukoje. Katika nchi tajiri wavutaji wa muda mrefu hupimwa mapafu kwa picha za CT kabla ya dalili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusisha watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kuwa kipimo hicho hupunguza vifo vya kansa ya mapafu kwa asilimia 20 kikilinganishwa na eksirei ya kawaida. Picha hiyo hiyo huonyesha hata chokaa iliyojijenga katika mishipa ya moyo. Kwetu mashine hizo ziko hospitali kubwa, mbali na gharama. Basi kinga inabaki mikononi mwetu.

Tangu tuifungue ile kadi ya mzee wetu, tumechora kwa kalamu mstari mmoja zaidi katika kila kadi ya kliniki yetu: "Sigara?" Ukifika kwetu utaulizwa, ndugu msomaji. Tafadhali utujibu kweli, na usione haya. Sisi tulioacha kuuliza kwa miaka mingi ndio tunaopaswa kuona haya.